Maswali ya Wasomaji: Kalamu Nyekundu, Imla na Mwandiko

Barua nyingi za toleo hili zimegusa jambo moja kutoka pande tofauti: watoto wanafundishwa kuandika kwa vigezo ambavyo wazazi wao, na wakati mwingine hata walimu wao, hawavitambui. Tumechagua sita. Baadhi tumezifupisha bila kugusa hoja, na majibu yetu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

SWALI: Mwanangu yuko darasa la tatu. Ameleta nyumbani insha yenye makosa ya tahajia yasiyopungua kumi, lakini mwalimu amesahihisha mawili tu na kuandika pembeni, "Kisa kizuri, endelea." Nilipomwuliza, alinieleza kuwa kwa sasa wanazingatia mawazo kwanza. Sisi tulirudishiwa madaftari yaliyojaa wino mwekundu, na tukajua kuandika. Je, huu si uvivu wa kusahihisha? – Mama wa mwanafunzi

JIBU: Mama, uvivu upo katika kila kazi, lakini kwa mtoto wa darasa la tatu hicho ulichokiona kinaelekea kuwa mbinu kuliko uzembe. Hadi katikati ya karne ya 20, insha katika shule nyingi ilikuwa kipimo cha usahihi tu: mwanafunzi aliandika mara moja, mwalimu akahesabu makosa, alama zikapunguzwa na daftari likafungwa. Mwaka 1966 walimu na wataalamu wa Kiingereza kutoka Uingereza na Marekani walikutana katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, na mjadala wao ulichangia sana kuyahamisha macho ya shule kutoka kwenye karatasi kwenda kwa mtoto anayeandika. Katika miaka ya 1970 na 1980, Wamarekani Donald Murray na Donald Graves walieneza ufundishaji unaoichukulia insha kuwa kazi ya hatua: kuwaza, kuandika rasimu, kuipitia upya, na mwisho kabisa kusafisha tahajia na uakifishaji. Hakuna kati yao aliyesema kwamba usahihi ufutwe. Walichofanya ni kuusogeza mwishoni, ili hofu ya kukosea isimzuie mtoto kuanza.

Hapo ndipo kasoro ilipojipenyeza. Shule nyingi zilipokea nusu ya kwanza ya fundisho hilo na hazikuwahi kufika nusu ya pili. Rasimu ya kwanza ikawa ndiyo insha, sifa zikatolewa, na ile hatua ya kusafisha haikufika kamwe, kwa sababu ratiba ilikuwa imekwisha kuhamia mada nyingine. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwalimu si kwa nini amesahihisha makosa mawili tu, bali ni lini insha hii itaandikwa tena.

Yapo pia makosa ambayo kwa umri huo ni dalili njema. Mwaka 1971 mtafiti Charles Read alionyesha kwamba tahajia za kubuni za watoto wanaoanza kuandika Kiingereza zina mpangilio wake: mtoto anaandika anachokisikia, na mara nyingi anasikia kwa makini kuliko mtu mzima aliyekwisha kuizoea sura ya neno. Kwa Kiswahili, mtoto anayeandika "mutoto" amesikia kwamba ile m inasimama peke yake kama silabi, na ameipa irabu kwa sababu silabi nyingine zote alizofundishwa zina irabu. Huyo si wa kupigiwa mstari mwekundu. Ni wa kuelezwa kwamba Kiswahili kina silabi chache zisizo na irabu, na hii ni mojawapo.

Kipimo changu ni hiki: kosa linalohusu jambo lililokwisha kufundishwa lisahihishwe, hata kama insha ni tamu namna gani, kosa linalohusu jambo ambalo bado halijafundishwa linaweza kusubiri. Chukua insha tatu zinazofuatana. Ikiwa kosa lilelile linarudi katika zote na hakuna aliyelisemea neno, una haki ya kulalamika. Wino mwekundu wa zamani nao tusiusifu kupita kiasi. Mwanafunzi aliyerudishiwa ukurasa wenye alama thelathini bila kutakiwa kuandika upya aliangalia jumla ya maksi na kufunga daftari, na makosa yake akayabeba hadi insha iliyofuata.

SWALI: Kila kizazi kinasema vijana wa sasa hawajui kuandika. Kuna ushahidi wowote kwamba viwango vya tahajia vimeshuka, au ni manung'uniko ya wazee tu? – Msomaji mwenye shaka

JIBU: Shaka yako ni ya haki, kwa sababu kulinganisha vizazi ni kazi ngumu. Mitihani hubadilika, wanafunzi wanaofika shuleni huongezeka, na wale waliokuwa wakiachwa nje miaka ya nyuma hawakuhesabiwa popote. Ufaransa, hata hivyo, ilifanya jambo ambalo nchi chache zimelifanya: ilirudia imla ileile. Wizara ya Elimu ya nchi hiyo iliwasomea wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule ya msingi, wenye umri wa miaka 10 hadi 11, kifungu kifupi cha maneno 67, kwanza mwaka 1987, kisha mwaka 2007, 2015 na 2021. Mwaka 1987 wastani ulikuwa takriban makosa 11 kwa mwanafunzi. Mwaka 2007 ulizidi 14, mwaka 2015 ulifika takriban 18, na mwaka 2021 ulipita 19. Huko, basi, kushuka si hadithi ya wazee.

Kinachofundisha zaidi katika takwimu hizo ni aina ya makosa yaliyoongezeka. Sehemu kubwa haikutokana na maneno magumu, bali na upatanisho: kitenzi kinachofuata kiima cha wingi, kivumishi kinachofuata jinsi ya nomino yake. Katika Kifaransa viambishi vingi vya aina hiyo huandikwa bila kutamkwa, kwa hiyo sikio halimsaidii mwandishi hata kidogo. Lazima ajue sarufi ya sentensi anayoiandika. Mtoto aliyekosea mwisho wa kitenzi, tahajia ya mzizi anaijua vizuri. Alichokosa ni kusimama na kujiuliza nani anatenda.

Msomaji wa Kiswahili atasema kwamba sisi tuna bahati, kwa kuwa tunaandika tunavyotamka. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na ndiyo sababu mtoto wetu hufikia kusoma maneno mapya mapema kuliko mtoto wa Kiingereza. Lakini angalia makosa yanayojaa katika insha za vidato vya juu: "aliekuja" badala ya "aliyekuja", "kwasababu" badala ya "kwa sababu", "ana soma" badala ya "anasoma", "sina la kusemaa" na mengine ya haraka. Makosa ya kuunganisha na kutenganisha maneno hayatatuliwi na sikio, maana katika mazungumzo hakuna nafasi kati ya neno na neno. Yanatatuliwa na sarufi. Anayefahamu kwamba -ye- ni kirejeshi kamili kinachomwakilisha mtu mmoja hawezi kuitupa y yake, kama vile asivyoweza kuitupa ch katika "kilichokuja". Tahajia, mtoto akishavuka madarasa ya awali, ni sarufi iliyovaa nguo nyingine, na shule iliyopunguza vipindi vya sarufi ikidhani itabaki na tahajia nzuri imejidanganya.

Kuna tanbihi moja. Kigezo chenyewe nacho hakisimami mahali pamoja. Wajerumani walitangaza tahajia mpya mwaka 1996, wakaianza rasmi shuleni tarehe 1 Agosti 1998, wakabishana hadi mahakamani na hata kupiga kura katika jimbo la Schleswig-Holstein, na mwishowe wakairekebisha tena mwaka 2006. Mwalimu aliyefundisha "daß" kwa miaka ishirini alilazimika kusahihisha "daß" kuwa "dass". Ufaransa ilikubali marekebisho yake mwaka 1990 na kuruhusu tahajia ya zamani iendelee kutumika pamoja na mpya, na mabishano yakazuka upya mwaka 2016 vitabu vya shule vilipoanza kuifuata tahajia mpya. Kiswahili nacho kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne nyingi, na usanifishaji wa maandishi yake ya Kilatini ulisimamiwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Kabla ya kusema kwamba mtoto amekosea, ni vyema kujua anapimwa kwa kanuni ya mwaka gani.

SWALI: Nilifundisha Kiswahili hadi nilipostaafu. Mjukuu wangu ananiambia kwamba hakuna ngeli ya M-WA, eti wao wanasoma A-WA. Wakati huohuo nasikia wataalamu wakidai kuwa sarufi haimsaidii mtoto kuandika. Nani aliyeyabadilisha mambo haya, na kwa faida ya nani? – Mwalimu mstaafu

JIBU: Mwalimu wangu, shikamoo. Wewe na mjukuu wako nyote mnasema kweli, ila kila mmoja anatumia kigezo chake. Ulifundisha ngeli kwa kutazama umbo la nomino: m- na wa- katika mtu na watu, ki- na vi- katika kiti na viti. Uainishaji huo ulitoka kwa wanaisimu waliozilinganisha lugha za Kibantu na kuzipa ngeli namba, na kwa kazi ya kulinganisha lugha bado ni bora. Mjukuu wako anafundishwa kutazama upatanisho wa kisarufi, yaani kiambishi kinachojitokeza katika kitenzi: mtu amefika, watu wamefika, ndiyo A-WA, mti umeanguka, miti imeanguka, ndiyo U-I, jembe limevunjika, majembe yamevunjika, ndiyo LI-YA.

Faida ya kigezo kipya inaonekana katika nomino zilizokuwa zikikusumbua darasani. Kiongozi na kipofu yana ki- mwanzoni, daktari na simba hayana kiambishi kabisa, lakini yote huchukua a- na wa- katika kitenzi kwa sababu yanataja viumbe wenye uhai. Kwa kigezo cha umbo ulihitaji kanuni moja na orodha ndefu ya vighairi. Kwa kigezo cha upatanisho mtoto anajaribu sentensi kwa sikio lake, "kiongozi amefika", na jibu limepatikana. Kasoro nayo ipo, na vitabu vingi huipita kimyakimya. Tunasema "rafiki yangu amefika", si "rafiki wangu amefika". Kitenzi kinakwenda na A-WA ilhali kimilikishi kinakwenda na I-ZI, na hali ni hiyohiyo kwa dada, kaka, mama na baba. Mwalimu anayefundisha kigezo kipya bila kulitaja jambo hili anamwachia mtoto kitendawili, na mtoto mwerevu atakigundua kabla ya mtihani.

Sehemu ya pili ya swali lako ni nzito zaidi. Mwaka 1963 Richard Braddock na wenzake wawili walichapisha nchini Marekani tathmini ya tafiti zilizokuwapo, wakahitimisha kwamba kufundisha sarufi rasmi kuna mchango mdogo sana katika uandishi wa wanafunzi, na kwamba kunaweza hata kudhuru kwa kuwa kunachukua nafasi ya mazoezi ya kuandika. Hitimisho hilo lilitikisa shule za nchi zinazotumia Kiingereza kwa muda mrefu. Tathmini nyingine, iliyosimamiwa na Chuo Kikuu cha York mwaka 2004, haikupata ushahidi kwamba kufundisha miundo ya sentensi peke yake kunainua insha za wanafunzi wa miaka 5 hadi 16. Pamoja na hayo, mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilianzisha mtihani maalumu wa sarufi, uakifishaji na tahajia kwa watoto wanaomaliza shule ya msingi huko England, na watoto wa miaka 11 wakaanza kukariri istilahi ambazo wazazi wao hawakuwahi kuzisikia. Hapo utaona jinsi sera na utafiti vinavyoweza kupishana njiani bila hata kusalimiana.

Lakini tafiti hizo zisisomwe kupita zinavyosema. Zinahusu sarufi iliyotengwa na uandishi: majedwali, fasili, kuchanganua sentensi ambazo mtoto hakuziandika yeye. Steve Graham na Dolores Perin, katika uchambuzi wao wa mwaka 2007, waliona kwamba sarufi ya namna hiyo haikuleta manufaa, ilhali zoezi la kuunganisha sentensi lilileta. Na zoezi hilo ni nini kama si sarufi? Mpe mwanafunzi sentensi tatu: "Mvulana alifika. Mvulana alibeba kitabu. Kitabu kilikuwa kimechanika." Mtake afanye moja. Atakapoandika "Mvulana aliyefika alikuwa amebeba kitabu kilichochanika", atakuwa ametumia virejeshi viwili vya ngeli mbili bila kuulizwa kirejeshi ni nini. Kisha mwambie, na jina hilo litapata mahali pa kukaa. Debra Myhill na wenzake wa Chuo Kikuu cha Exeter wamefuata mkondo unaofanana na huo, yaani kuleta istilahi pale mwandishi anapokuwa na uamuzi wa kufanya katika sentensi yake.

Naongeza jambo ambalo tafiti za Kiingereza hazitusaidii nalo. Wanafunzi wengi wa Kiswahili wamekuja nacho shuleni kama lugha ya pili au ya tatu, na wao hawana lile sikio la kujaribia "kiongozi amefika". Hao wanahitaji kuelezwa ngeli waziwazi, kwa jedwali ikibidi. Kwa hiyo majedwali yako usiyachome moto, Mwalimu. Yaweke yatumike baada ya sentensi, siyo kabla yake.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini. Kipindi cha mwandiko kimefutwa katika ratiba yetu na nafasi yake imechukuliwa na kompyuta. Tunaambiwa kwamba nchi zilizoendelea zimekwisha kuacha kuandika kwa mkono. Ni kweli? – Mwalimu wa darasa la kwanza

JIBU: Si kweli, ingawa naelewa uvumi huo ulikotoka. Mtaala wa Ufini ulioanza kutumika mwaka 2016 uliondoa ulazima wa kufundisha mwandiko wa kuunganisha herufi na kutilia mkazo uchapaji. Herufi moja moja kwa mkono ziliendelea kufundishwa. Nchini Marekani, viwango vya pamoja vilivyotolewa mwaka 2010 na kukubaliwa na majimbo mengi havikuutaja kabisa mwandiko wa kuunganisha, na shule nyingi zikauacha. Habari hizo zilipovuka mipaka zilipoteza maneno mawili, "wa kuunganisha", na kilichobaki ni kwamba mwandiko umefutwa. Tangu hapo majimbo mengi ya Marekani yameurudisha kwa sheria, California ikiwamo, ambayo sheria yake iliyosainiwa mwaka 2023 inautaka ufundishwe kuanzia darasa la kwanza hadi la sita. Ufaransa haikuuacha hata siku moja.

Sababu ya kuufundisha mwandiko, hata hivyo, isitafutwe katika sheria za watu. Kichwa cha mtoto anayeandika kina nafasi finyu. Ikiwa bado anafikiria herufi g inaanzia wapi, hana nafasi ya kufikiria sentensi, na kwa hiyo ataandika sentensi fupi, ataruka maneno, atasahau alichotaka kusema. Tafiti za Virginia Berninger na za Steve Graham, zilizofanywa kwa watoto wa madarasa ya awali, zilionyesha kwamba wepesi wa kuandika herufi unakwenda sambamba na ubora wa kinachoandikwa, na kwamba kuwafundisha mwandiko watoto wanaotatizika kunainua hata utungaji wao. Naye Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, aliwapima watoto ambao bado hawajajua kusoma na kuona kwamba sehemu za ubongo zinazotumika katika kusoma ziliamka zaidi kwa herufi walizojifunza kwa kuzichora wenyewe kuliko kwa zile walizozibonyeza au kuzifuatisha.

Utafiti unaotajwa sana siku hizi ni wa Norway wa mwaka 2024, uliopima mawimbi ya ubongo ya wanafunzi 36 wa chuo kikuu. Ningeutumia kwa tahadhari. Washiriki walichapa kwa kidole kimoja tu, na kilichopimwa ni mawasiliano ya sehemu za ubongo, siyo kiasi walichojifunza. Una hoja za kutosha bila huo.

Kilichobadilika kwa haki ni kigezo cha uzuri. Mwishoni mwa karne ya 19 Austin Palmer alieneza Marekani mwandiko wa kasi uliokusudiwa makarani, kwa kuwa wakati huo barua na hesabu za biashara ziliandikwa kwa mkono, na mwandiko mzuri ulikuwa sifa ya kuajiriwa. Taipureta ikaichukua kazi hiyo, lakini shule nyingi ziliendelea kutoa maksi za uzuri kana kwamba karani bado anasubiriwa. Leo tutake mambo mawili: mwandiko usomeke, na uende kwa kasi isiyoichelewesha fikra. Mtoto ambaye herufi zake hazivutii lakini zinasomeka bila shida amefaulu.

Kwa hilo huhitaji kipindi kizima. Dakika kumi hadi kumi na tano kila siku zinazidi saa moja ya Ijumaa. Panga herufi kwa mwendo wa mkono badala ya mpangilio wa alfabeti: c, o, a, d na g pamoja, kwa kuwa zote zinaanza kwa kuzunguka kinyume cha saa, kisha i, l, t na u, kisha n, m, h, r na b. Ukizitenga d na b hivyo, mchanganyiko wao hupungua, maana mkono unajifunza mianzo miwili tofauti. Baadaye leta jozi za Kiswahili, ch, sh, ny, dh, mb, nd, ng' na ritifaa yake, ziandikwe kama kitu kimoja, kwa sababu ndivyo mtoto atakavyozikuta katika maneno. Na katika kuandika, tazama kalamu ikiwa inakwenda, siyo karatasi ikiwa imekwisha. Herufi iliyoanzia chini kwenda juu inaweza kuonekana sawa kwenye daftari na bado ikamkwamisha mwenyewe miaka mitatu baadaye atakapotakiwa kuandika haraka.

Kompyuta usiipige vita. Uchapaji wa vidole vyote nao ni stadi inayohitaji kufundishwa, na mtoto aliyeachiwa kibodi bila mwalimu atabaki kudonoa kwa kidole kimoja hadi utu uzima. Ila uongozi ukitaka dakika za kuufundisha, uzitafute mahali pengine katika ratiba.

SWALI: Mtoto wangu wa miaka sita anaandika kwa mkono wa kushoto. Bibi yake anasema zamani shule zilimrekebisha mtoto wa namna hiyo, na sasa hazifanyi hivyo. Nani yuko sahihi? – Baba

JIBU: Shule za sasa. Takriban mtu mmoja kati ya kumi hutumia mkono wa kushoto, na kumlazimisha kulia kunampa kazi mbili badala ya moja. Anachohitaji ni maelekezo yake mwenyewe, ambayo shule nyingi zilizoacha kumrekebisha zimesahau kumpa. Karatasi iwe kidogo upande wa kushoto wa mwili na iinamishwe kuelekea kulia, kalamu ishikwe mbali kidogo na ncha ili aone anachoandika, na akae mwisho wa kushoto wa dawati asigongane viwiko na mwenzake. Mkono ukianza kujikunja juu ya mstari, iinamishe karatasi zaidi. Bibi msalimie.

SWALI: Niko kidato cha pili. Simu inanisahihishia maneno, na kwa Kiswahili marafiki tunaelewana tukiandika "xaxa" na "cjui". Kwa nini nipoteze muda kujifunza tahajia? – Mwanafunzi

JIBU: Nianze na "xaxa", kwa sababu wazazi wengi watashangaa kusikia kwamba sina ugomvi nalo. Beverly Plester na Clare Wood wa Chuo Kikuu cha Coventry walipowachunguza watoto wa Uingereza wanaotumia vifupisho vya ujumbe wa simu, hawakuona kwamba vinawaharibia tahajia. Waliovitumia zaidi walielekea hata kuwa wasomaji bora. Kuandika c mahali pa si kunahitaji masikio yanayofanya kazi. Tatizo linaanza pale mwandishi anapokuwa na namna moja tu ya kuandika na kuipeleka kila mahali, hadi kwenye barua ya kuomba nafasi ya masomo.

Kuhusu simu, inategemea aina ya kosa. Programu ya kusahihisha huhakiki iwapo neno lipo. Haijui kama ndilo ulilolikusudia. Ukiandika kwamba wananchi walijitokeza kupiga kula, itakuacha uendelee, kwa kuwa "kula" ni neno halali. Vivyo hivyo kwa karamu na kalamu, mahari na mahali. Makosa ya l na r ndiyo yanayowasumbua wengi ambao lugha zao za kwanza hazitofautishi sauti hizo, na ndiyo hasa yanayopita mbele ya programu bila kukamatwa. (Imla nayo haimsaidii mwanafunzi huyo ikiwa anayeisoma ana tatizo lilelile, jambo ambalo walimu hulicheka chumba cha walimu na hawalitaji darasani.)

Kiswahili kina ugumu wa ziada kwa mashine. Kitenzi kimoja hubeba nafsi, wakati, mtendwa, kirejeshi na mnyambuliko ndani ya neno moja, kwa hiyo maumbo yake ni mengi kupita orodha yoyote ya kawaida. Programu iliyotengenezwa kwa kuorodhesha maneno itakipigia mstari mwekundu kitenzi sahihi na kukuacha na "kwasababu". Ukiitii kila inaposema, utaharibu insha iliyokuwa nzuri.

Muda unaouogopa si mrefu kama unavyodhani. Huhitaji kujifunza tahajia ya Kiswahili kizima. Unahitaji kuyajua makosa yako, ambayo kwa mtu mmoja mara nyingi hayazidi aina nne au tano. Chukua insha zako zilizosahihishwa, uyapange kwa aina, kisha kila unapomaliza kuandika upitie mara moja kwa ajili ya kila aina: safari ya kwanza virejeshi tu, safari ya pili l na r, safari ya tatu maneno yanayotengana. Ukisoma mara moja ukitafuta yote, utasoma ulichokusudia kuandika badala ya ulichoandika. Na ukipata shaka juu ya kitenzi, kitafute katika kamusi kwa mzizi wake, baada ya kuvua viambishi: "hawakutuambia" hutaikuta, lakini "ambia" ipo.